Dawa ya kuvu ni kuvu: vijidudu vinavyolinda nyasi za viwanja

Ukitaka kuuona ugonjwa huu ukiwa kazini, fika kiwanjani alfajiri, kabla jua halijakausha umande. Juu ya nyasi zilizokatwa fupi, katikati ya matone ya maji, utakuta utando mweupe wa nyuzi nyembamba ukiunganisha jani hili na lile. Kufikia saa tatu asubuhi nyuzi zimenywea, hazionekani tena. Yanayobaki ni mabaka ya duara yenye rangi ya majani makavu, kila moja likiwa na upana usiozidi sentimita 6. Chuma jani moja pembezoni mwa baka, ulitazame kwa karibu. Kovu lililopauka limelipita jani kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, limebana katikati, na juu yake na chini yake pana mstari wa kahawia iliyokolea. Hapo ndipo kuvu ilipoingilia.

Wamarekani waliupa ugonjwa huo jina la sarafu ya dola, kwa ukubwa wa mabaka yake. Kuvu inayousababisha ilielezwa kitaalamu na Mwingereza F. T. Bennett mwaka 1937, na mwaka 2018 wanasayansi wakaihamishia katika jenasi mpya iitwayo Clarireedia. Katika viwanja vya gofu vya Amerika Kaskazini hakuna ugonjwa wa nyasi unaomeza fedha nyingi za dawa kuliko huu. Hupenda joto la wastani, majani yaliyolowa kwa saa nyingi na nyasi zenye njaa ya naitrojeni. Nyasi za grini, yaani ile sehemu yenye shimo na bendera, hukatwa hadi kubaki na kimo cha milimita 3 hivi. Zikinyolewa namna hiyo, zinabaki na jani dogo mno la kujitengenezea chakula, zinakanyagwa kutwa, na kila siku mashine inazitia majeraha mapya. Kuvu haihitaji mlango mkubwa zaidi ya huo.

Kwa takriban miaka mia moja, jibu la watunza viwanja lilikuwa moja: kupuliza sumu. Makala hii inahusu jibu la pili, la kutumia vijidudu rafiki, kuvu na bakteria, kuzuia kuvu adui. Jibu hili linafanya kazi. Lakini linafanya kazi kwa masharti yake lenyewe, na wengi waliolikatia tamaa walilitumia kwa masharti ya sumu.

Dawa zinazochoka

Mwaka 1914, huko Philadelphia, mabaka makubwa ya kahawia yalionekana katika bustani ya majaribio ya nyasi ya Frederick Taylor, mhandisi yule yule aliyejulikana duniani kwa nadharia zake za usimamizi wa viwanda. Chanzo chake kilikuja kutambuliwa kuwa Rhizoctonia solani, kuvu ya udongoni inayoshambulia mimea ya kila namna, kuanzia viazi hadi mpunga. Nyasi za michezo zikawa zimepata adui mwenye jina, na adui akatafutiwa dawa.

Miongoni mwa dawa za mwanzo zilikuwamo za zebaki. Zikafuata za kadimiamu. Leo hakuna mtu ambaye angekubali mwanawe acheze juu ya nyasi zilizonyunyiziwa metali hizo, lakini nchini Marekani zebaki iliendelea kuruhusiwa kwa baadhi ya magonjwa ya nyasi hadi miaka ya 1990. Kuvu nayo haikukaa kimya. Katika miaka ya 1960 watafiti walianza kukuta kuvu ya mabaka ya dola isiyojali tena kadimiamu. Ikaja benomili, ikasifiwa kama mkombozi, na baada ya miaka michache tu ya matumizi usugu ukaripotiwa upya. Iprodioni ikafuata njia hiyo hiyo, na baada yake dawa zinazozuia kuvu kujenga utando wa seli zake.

Sababu yake inaeleweka. Dawa nyingi za kisasa hulenga sehemu moja tu katika mwili wa kuvu. Katika mamilioni ya chembe za kuvu kiwanjani, huwapo chache ambazo sehemu hiyo kwao imebadilika kidogo, na dawa haizishiki. Ukipuliza, unaua zote isipokuwa hizo. Ukirudia wiki mbili baadaye, unazipa nafasi ya kuzaana bila mshindani. Baada ya misimu kadhaa kiwanja kizima kimejaa kizazi cha walionusurika.

Sheria nazo zimekaza. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa kibali cha iprodioni mwaka 2017, na mwaka 2019 ukafanya vivyo hivyo kwa klorothalonili, dawa iliyokuwa nguzo ya watunza viwanja kwa miongo mingi. Ufaransa ilianza mwaka 2017 kuzizuia serikali za mitaa na taasisi za umma kutumia viuatilifu vya kemikali katika bustani za wananchi. Mtunza kiwanja aliyezoea kufungua stoo na kuchagua chupa sasa anakuta rafu zinapungua.

Ulinzi uliokuwapo tangu awali

Kabla ya kuzungumzia vijidudu vinavyouzwa madukani, inafaa tuanze na vile ambavyo havikununuliwa na mtu yeyote.

Kuna ugonjwa wa mizizi unaoletwa na kuvu iitwayo Gaeumannomyces. Huozesha mizizi ya ngano, na ndugu yake wa karibu hushambulia nyasi laini za grini. Watunza viwanja wa nchi za baridi waligundua jambo la ajabu: ugonjwa huu hukithiri katika viwanja vipya, na hasa pale ambapo udongo ulifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi kabla ya kupanda. Gesi ile ilikuwa imeua kila kilicho hai udongoni, wabaya kwa wema. Kuvu ya ugonjwa iliporudi, haikukuta wa kuizuia. Kisha miaka michache ilipopita, bila dawa, mabaka yalianza kupungua yenyewe.

Wakulima wa ngano walikuwa wameona jambo linalofanana. Ukipanda ngano shamba moja mfululizo, ugonjwa hupanda kwanza, halafu baada ya miaka kadhaa hushuka na kubaki chini. Huko Pullman, katika jimbo la Washington nchini Marekani, watafiti James Cook na David Weller walitumia miaka mingi kutafuta nani anayefanya kazi hiyo. Waliwakuta bakteria wa jamii ya Pseudomonas wakiishi kwenye ngozi ya mizizi na kutengeneza viuavijasumu. Mwaka 1988 Weller na mwenzake Linda Thomashow walionyesha ushahidi mzito: walipowaharibu bakteria hao uwezo wa kutengeneza kemikali iitwayo fenazini, sehemu kubwa ya ulinzi ilipotea. Uwezo huo uliporudishwa, ulinzi nao ulirudi.

Katika Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, Eric Nelson na wenzake walilifuata jambo hilo upande wa nyasi za michezo kwa njia ya mboji. Walitandaza mboji iliyochujwa juu ya grini, wakakuta baadhi ya mboji zinapunguza magonjwa na nyingine hazifanyi lolote. Tofauti iliendana na uhai uliomo ndani yake. Mboji ikitiwa joto kali la kuua vijidudu, ulinzi wake mwingi huondoka. Kwa hiyo si majani yaliyooza yanayolinda. Wanaolinda ni wakazi wa mboji, na mboji iliyoiva vizuri ndiyo yenye wakazi wanaofaa.

Funzo la sehemu hii ni kubwa kuliko dawa yoyote: udongo hai ni askari wa kwanza, na sumu inayoua kila kitu humwondoa askari huyo pamoja na mwizi.

Kuvu inayowinda kuvu

Mwaka 1932, mtafiti Rolf Weindling alichapisha maelezo ya kuvu ya kijani aliyoitazama chini ya darubini ikiwa pamoja na Rhizoctonia. Ilikuwa Trichoderma. Alichokiona bado kinaonyeshwa darasani hadi leo. Uzi wa Trichoderma hukua kuelekea uzi wa adui. Ukiugusa, hujizungusha juu yake mzunguko baada ya mzunguko, hushikamana nao, kisha hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ukuta wa adui. Vitundu hutokea, Trichoderma hupenya na kunyonya kilichomo ndani. Miaka miwili baadaye Weindling alieleza pia sumu ambayo kuvu hiyo huitoa kuua kabla hata ya kugusa.

Kuwinda si kazi yake pekee. Trichoderma hukua haraka na kujaza nafasi kwenye mizizi, hivyo inayokuja nyuma haina pa kukaa wala cha kula. Pia huingia kidogo katika tabaka za juu za mzizi, na mmea unaposhtukia ugeni huo huamsha kinga yake, hata majani yaliyo mbali na mzizi yakawa tayari kwa shambulio. Njia hizi tatu zikitumika kwa pamoja, adui hupata shida kujenga usugu kwa sababu hakuna sehemu moja ya kubadilisha.

Gary Harman wa Cornell alitaka Trichoderma iliyo kali na pia yenye kudumu kwenye mizizi. Timu yake iliunganisha seli za nasaba mbili, moja ikiwa imetokana na udongo wa Colombia uliojulikana kuzuia Rhizoctonia, nyingine ya New York. Zao lake likaitwa T-22. Pamoja na Nelson na mtafiti Lo, walilijaribu katika miaka ya 1990 kwenye nyasi za grini dhidi ya mabaka ya dola, mabaka ya kahawia na uozo wa Pythium. Walilitumia kama chembechembe za kumwaga na kama maji ya kupuliza. Ugonjwa ulichelewa kuanza na ukali wake ukapungua, ila haukutoweka. Presha ya ugonjwa ilipopanda sana, T-22 peke yake haikutosha. Manufaa yake makubwa yalikuwa kupunguza mara ambazo mtunza kiwanja angelazimika kushika dawa ya kemikali.

Matokeo ya namna hiyo ndiyo yanayorudi tena na tena katika majaribio ya miaka yote. Anayetafuta kiwanja kisicho na doa hata moja hataridhika. Anayetafuta kupuliza sumu mara nne badala ya mara nane ana sababu ya kusikiliza.

Bakteria wa usiku

Mfano unaoeleza vizuri zaidi uzuri na ugumu wa kazi hii unatoka Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Joseph Vargas na wenzake walifanya kazi na bakteria aitwaye Pseudomonas aureofaciens, nasaba TX-1, anayetengeneza ile ile fenazini. Katika maabara aliizuia kuvu ya mabaka ya dola bila shida. Tatizo lilikuwa kumfikisha kwenye nyasi akiwa hai. Pseudomonas hana ganda la kujihifadhi; ukimkausha na kumfungia kwenye pakiti, wengi hufa kabla ya kufika kwa mnunuzi. Mionzi ya jua nayo humwua upesi juu ya jani.

Ufumbuzi uliobuniwa ulikuwa kuweka pipa la kuzalishia bakteria palepale kiwanjani. Mchana bakteria walilishwa na kuongezeka ndani ya pipa. Usiku pipa liliwamimina katika mabomba ya umwagiliaji, na vinyunyizio viliwasambaza juu ya nyasi gizani, wakati hakuna jua na majani yana unyevu. Kesho yake kazi ilianza upya. Ilibidi irudiwe mara nyingi kwa sababu idadi yao juu ya nyasi hushuka haraka baada ya kunyunyiziwa. Kiwanja kilihitaji mfumo wa umwagiliaji uliokamilika, mtu wa kuangalia pipa, na nidhamu ya kila siku.

Bacillus ana tabia tofauti. Mambo yakiwa magumu hujifunga ndani ya kijimbegu kigumu kinachostahimili joto na ukavu, na anaweza kukaa stoo kwa muda mrefu. Ndiyo maana bidhaa nyingi za bakteria zilizopo sokoni leo zina Bacillus. Nasaba moja mashuhuri, QST 713, ilichukuliwa kutoka udongo wa bustani ya mapichi huko California katikati ya miaka ya 1990, ikaendelezwa na kampuni ya AgraQuest iliyoanzishwa na Pam Marrone, na sasa imo katika bidhaa zinazotumika kwenye mboga, matunda na nyasi za michezo. Silaha yake ni molekuli zenye tabia ya sabuni zinazotoboa utando wa kijimbegu cha kuvu wakati kinapojaribu kuchipua. Kuvu iliyokwisha ingia ndani ya jani haiguswi.

Lipo pia kundi la tatu, la kuvu zinazoishi ndani ya nyasi maisha yao yote. Epichloë hukaa katikati ya seli za mmea na kurithiwa kupitia mbegu, bila kuleta ugonjwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, walikuta nyasi za jamii ya feski zenye mkazi huyo hazishambuliwi sana na mabaka ya dola kama ndugu zake wasio naye. Hapo hakuna cha kupuliza. Mtu hununua mbegu yenye ulinzi ndani yake. Ila nyasi hizo zisipelekwe malishoni, maana baadhi ya kuvu za kundi hili hutoa kemikali zinazodhuru ng'ombe na kondoo.

Kwa nini vijidudu vingine hushindwa

Gramu moja ya udongo mzuri ina bakteria mamia ya mamilioni. Hata grini zilizojengwa juu ya mchanga mtupu, mtindo ambao chama cha gofu cha Marekani, USGA, kiliuwekea vipimo mwaka 1960, hujaa vijidudu muda mfupi baada ya nyasi kushika. Kijidudu kinachomiminwa kutoka kwenye chupa ni kama mpangaji anayefika kwenye nyumba ambayo kila chumba kina mwenyewe. Asipokuwa na chakula chake, asipokuta sehemu iliyo wazi, au asipoletwa kwa wingi na kwa kurudiwa, hafiki wiki ya pili.

Juu ya hapo kuna makosa ya mtumiaji. La kwanza ni kuchelewa. Mtu huona mabaka, ndipo hukimbilia kununua. Lakini karibu kila njia ambayo vijidudu hivi hutumia ni ya kuzuia: kushika nafasi mapema, kuzuia kijimbegu kisichipue, kuamsha kinga ya mmea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na vijidudu hivi kazi yao ni kuziba ufa.

La pili ni kuviua mwenyewe. Pampu iliyobaki na masalia ya dawa ya ukungu, maji ya bomba yaliyotiwa klorini nyingi, chupa iliyoachwa juani nyuma ya gari, kupuliza saa sita mchana: lolote kati ya hayo latosha. Kabendazimu, mojawapo ya dawa za ukungu, huiua Trichoderma sawasawa na inavyoua kuvu ya ugonjwa. Dawa zenye shaba huwadhuru bakteria. Anayetumia zote mbili ndani ya wiki moja amelipa mara mbili na kujifutia kazi.

La tatu ni kuacha chanzo cha ugonjwa kilivyo. Nyasi zikimwagiliwa jioni, zinalala zimelowa usiku kucha. Tabaka nene la vishina na mizizi iliyokufa hubaki chini ya majani likihifadhi unyevu na kuwa makazi ya kuvu. Mashine yenye kisu butu haikati jani, inalichana, na kila chanika ni mlango. Hakuna kijidudu kitakachoshinda mazingira yaliyopangwa kwa faida ya adui yake.

Na tusidanganyane kwamba kila kilicho cha asili ni salama. Bakteria wa kundi la Burkholderia cepacia walionyesha uwezo mkubwa wa kuzuia kuvu za udongoni, kisha ikabainika kwamba jamaa zao hao hao huwashambulia vibaya wagonjwa wa mapafu wenye maradhi ya kurithi ya sistiki fibrosisi. Marekani ikaweka masharti makali juu ya matumizi yao. Hii ndiyo sababu bidhaa hizi husajiliwa kwa nasaba, siyo kwa jina la jumla, na ndiyo sababu mtu asipike bakteria asiowajua ndani ya pipa na kuwamwaga mahali watoto wanapocheza.

Nyasi za kwetu

Afrika Mashariki si mgeni katika habari hii. Nyasi za kikuyu, zenye asili katika nyanda za juu kuanzia Ethiopia hadi Kenya, Uganda na Tanzania, zilibebwa hadi Afrika Kusini, Australia na California, na leo ndizo zinazotambulisha uwanja wa gofu wa Riviera jijini Los Angeles. Ukoka wa viwanja vingi vya mpira duniani ni machotara wa jamii za Cynodon, zenye asili kubwa hapa barani, waliozalishwa Tifton, Georgia, na Glenn Burton. Mmoja wao, Tifway, alitolewa mwaka 1960. Nyasi hizi ni ngumu kuliko zile laini za Ulaya, lakini ukizikata chini, ukazimwagilia sana na kuzilisha bila mpangilio, nazo huugua.

Hali ya hewa yetu ina kila kitu ambacho kuvu inataka. Mabaka ya kahawia hupenda usiku wenye joto la zaidi ya nyuzijoto 20 na majani yaliyolowa kwa saa kumi na zaidi. Huko Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, hiyo ni sehemu kubwa ya mwaka, na masika ikija hakuna kinachokosekana. Nyanda za juu, kama Nairobi, Limuru na Arusha, zina ubaridi wa wastani na umande mzito wa asubuhi, mazingira yanayoupendeza ugonjwa wa mabaka ya dola.

Lakini tunacho pia ambacho wengi hawakijui: viwanda vya vijidudu. Biashara ya maua na mboga za kusafirisha nje iliwalazimisha wakulima wa Kenya kupunguza masalia ya sumu, na hapo kampuni kama Dudutech ya Naivasha na Real IPM ya Thika zikaanza kuzalisha Trichoderma na viumbe wengine kwa wingi. Kuvu hiyo hukua vizuri katika joto la nyuzijoto 25 hadi 30, kwa hiyo udongo wetu ni makazi mema kwake kuliko udongo wa Michigan unaoganda majira ya baridi.

Na kama kuna anayedhani kupambana na kuvu kwa kuvu ni hadithi ya matajiri wa gofu, akumbuke mahindi. Mwaka 2004, sumukuvu ya mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Miongoni mwa majibu ya wanasayansi, taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA ikiwa mbele, ilikuwa Aflasafe: nasaba za kuvu ile ile ya Aspergillus zisizotengeneza sumu, zinazobandikwa juu ya punje za mtama na kumwagwa shambani wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kuchanua. Zinafika kwanza, zinashika nafasi, na zile zenye sumu hukosa pa kuingia. Bidhaa hiyo imesajiliwa Kenya na Tanzania. Kanuni iliyolinda chakula chetu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kulinda kiwanja cha shule.

Namna ya kuanza

Mwenye dhamana ya kiwanja, awe wa klabu, hoteli, halmashauri au shule, hana haja ya kuanza na manunuzi. Aanze na maji: amwagilie alfajiri badala ya jioni, ili jua likaushe majani mapema. Asubuhi umande uangushwe kwa kuburuta kamba au bomba juu ya nyasi, au kwa kukata nyasi mapema. Majaribio ya Marekani yameonyesha kwamba kuondoa umande pekee hupunguza mabaka ya dola. Kisu cha mashine kinolewe. Mbolea iwe kidogo kidogo na kwa wakati: nyasi zenye njaa hualika mabaka ya dola, na zilizoshibishwa kupita kiasi hualika mabaka ya kahawia. Ardhi itobolewe ili hewa iingie, na mboji iliyoiva, iliyochekechwa vizuri, itandazwe nyembamba.

Halafu ugonjwa utambuliwe. Sampuli ya nyasi pamoja na mizizi, ichukuliwe ukingoni mwa baka ambapo afya na ugonjwa hukutana, ipelekwe kwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya, KALRO, na vyuo vingine vya kilimo wanao. Baka la kahawia laweza kuwa kuvu, minyoo fundo, mkojo wa mbwa au mafuta yaliyovuja kwenye mashine, na Trichoderma haitibu mafuta.

Ndipo bidhaa inunuliwe. Iwe imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, na lebo itaje nasaba, idadi ya chembe hai kwa gramu, tarehe ya mwisho na namna ya kuhifadhi. Itumike kabla ya msimu wa ugonjwa, wiki kadhaa kabla ya mvua, jioni au siku ya mawingu. Ikiwa imekusudiwa mizizi, ifuatishwe na maji ya kuisukuma chini. Irudiwe kama lebo inavyosema. Pampu yake iwe ya peke yake, isiyowahi kubeba dawa ya ukungu. Na dawa ya kemikali isitupwe kwa hasira: ibaki kwa siku ambazo ugonjwa umezidi, ikichaguliwa isiyomdhuru mgeni uliyemkaribisha.

Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote. Acha ukanda mmoja wa kiwanja bila kuupuliza. Uwekee alama, uutunze sawa na sehemu nyingine kwa kila kitu, kisha hesabu mabaka pande zote mbili kila wiki na uyaandike daftarini. Bila ukanda huo hutajua kama umesaidiwa na kijidudu, na mvua iliyokatika, au na mbolea uliyoiweka mwezi uliopita. Muuzaji atakwambia ni kijidudu, na mwenye shaka atakwambia ni bahati.

Majaribio mengi tunayoyategemea yamefanywa Marekani na Ulaya, juu ya nyasi zao na katika misimu yao. Sisi tunazo nyasi, tunazo kuvu rafiki, viwanda tunavyo na vijana waliosomea kilimo tunao. Vilabu vyenye uwezo vianze na ukanda mmoja mmoja, vyuo vikuu viyachukue madaftari hayo na kuyalinganisha, na halmashauri zinazotenga fedha za nyasi za viwanja zitenge na za kumfundisha mtu atakayezitunza. Kiwanja ambacho watoto huanguka na kuinuka juu yake kutwa kinastahili kulindwa kwa maarifa kwanza, na sumu iwe ya mwisho.